Vairo lodi iko LDL lakini miguu haisikii: kisa cha mwalimu aliyenyimwa msamaha wa kodi

Hiki kisa ni cha mwalimu mmoja wa praimari huku Kenya, upande wa Ahero, na ameniruhusu nikiandike bora nisitaje jina lake wala shule. Ofisi na hospitali zilizohusika nazo nimeziacha bila majina, sina haja ya kuchomea mtu, nataka tu watu waone venye hizi kesi hupotea na venye hii ilirudishwa, juu nimeona wengi wakikataliwa kwa sababu ile ile halafu wanaenda nyumbani wananyamaza.

Iko hivi. Mwalimu anaishi na HIV, alianza dawa 2006, na vairo lodi yake, ile hesabu ya virusi kwa damu, ni LDL, yaani virusi ni vichache mpaka kipimo hakivioni. Miguu yake iliharibika kitambo, akasajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, akapata kadi na baadaye cheti cha msamaha wa kodi. Cheti kina muda wake, kikikaribia kuisha unaomba upya na unapimwa upya hospitalini. Akaenda kupimwa. Ripoti ikarudi imeandikwa hana ulemavu, ombi likakataliwa, na mshahara uliofuata PAYE, ile kodi inayokatwa kwa mshahara, ikarudi kana kwamba haikuwahi kuondoka.

Wenye wanaona hicho ni kitu kidogo wacha nipige hesabu. Agizo la 2010 linasema mfanyakazi mwenye ulemavu aliye na cheti hatozwi kodi ya mapato kwa zile shilingi 150,000 za kwanza za mwezi. Sasa mtu ambaye pesa yake ya kutozwa kodi ni 50,000 kwa mwezi, ukishatoa ile nafuu ya 2,400 ya kila mtu, PAYE yake inakuja kama 7,383. Kwa mwaka hiyo inapita 88,000. Mwalimu analipa boda kwenda na kurudi kila siku kwa sababu kutembea kutoka steji hadi shuleni hawezi, analipa msichana wa kumtekea maji na kumfulia, kwa hivyo hiyo pesa ndiyo inamfanya abaki kazini, ikienda na yeye karibu aende.

Sasa tuje kwa miguu, hapa naomba mnivumilie juu bila kuelewa hii sehemu huwezi kuelewa kesi ilishindwa wapi. Walioanza dawa miaka ile wanakumbuka d4T, stavudini, ilikuwa ndani ya kombi ya kwanza ya watu wengi kwa sababu ilikuwa bei rahisi. Iliokoa watu, hilo halina ubishi, lakini pia ilichoma neva za watu. Mwaka wa 2009 Shirika la Afya Duniani likasema nchi zianze kuiondoa, na wengi huku walibadilishiwa baada ya hapo, wengine wakiwa tayari wameumia. Virusi vyenyewe pia huharibu neva, na isoniazidi ya TB nayo inaongeza mzigo kama mtu hapewi vitamini B6. Mwalimu alipitia zote tatu kwa wakati mmoja, maana 2006 alipatikana na TB na HIV pamoja. Inaanzia kwa vidole vya miguu, inapanda pande zote mbili sawasawa mpaka inafika pale soksi inaishia, mchana ni ganzi na usiku ni moto, shuka tu ikigusa unyayo mtu anaamka. Na neva zikishaharibika hivo, kubadilishiwa dawa kunaweza kusimamisha uharibifu lakini mara nyingi zilizokufa hazirudi.

Aliniambia siku moja alishinda shuleni na kifuniko cha soda ndani ya kiatu. Kiliingia asubuhi wakati watoto wanapanga viatu pale mlangoni wakati wa kuosha darasa, akavaa, akafundisha, akasahihisha, akapanda boda, akafika nyumbani. Alipovua ndio akaona soksi imeshikana na damu na yale meno ya kifuniko yamejichora kwa nyama, unaweza kuyahesabu. Hakusikia kitu siku nzima. Hicho kidonda kilimlaza zaidi ya mwezi.

Huyo ndio mtu aliandikiwa hana ulemavu. Ilifanyikaje?

Nimemfanya arudie ile siku ya kupimwa mara nyingi, na kila mara napata kitu kipya. Kwanza alivaa vizuri, gauni ya kanisa na viatu vya kufunika. Fimbo yake akamwachia mtu wa boda pale getini, juu alisema hataki kuingia hospitali akikaa ombaomba. Mkononi akabeba faili ya plastiki, ndani kadi ya kliniki na majibu ya vairo lodi ya miaka kadhaa, yote LDL, ameyapanga vizuri kwa tarehe. Yeye alijua hiyo ndiyo sifa yake, hajawahi kukosa dawa, hajawahi kukosa kliniki. Nje kwa benchi kuna foleni ndefu. Anaingia, daktari anamuuliza, mama unaendeleaje? Anajibu, niko sawa daktari, namshukuru Mungu. Daktari anafungua faili, anaona LDL, LDL, LDL, anamwambia hongera mama, endelea hivyo hivyo. Anaandika. Hakuna aliyemwambia avue viatu. Dakika chache ametoka, na alitoka akiwa na furaha!

Ripoti, tulipokuja kuipata, ilikuwa na mistari mitatu ya maana: ana HIV na ako kwa matibabu, virusi vimedhibitiwa, anatembea bila msaada. Halafu uamuzi, hana ulemavu.

Ukiisoma kwa makini hakuna uongo mkubwa hapo ndani. Ni kweli virusi vimedhibitiwa. Ni kweli alitembea kutoka mlangoni hadi kwa kiti bila fimbo, fimbo si iko getini. Shida ni kwamba ripoti inajibu swali la kliniki, je dawa zinafanya kazi, wakati swali la cheti ni lingine kabisa, je mwili wa huyu mtu unaweza nini na hauwezi nini, na hali hiyo ni ya muda au ya kudumu. Vairo lodi inahesabu virusi kwa damu. Haina habari na neva za mguu. Kuna watu wako LDL na ni vipofu kwa sababu ya meninjitisi ya miaka ile, kuna mwenye hasikii kwa sababu ya zile sindano za TB sugu, kuna mwenye alipata kiharusi. Virusi vimelala, lakini vile viliharibu kabla ya kulala bado viko vile vilikuwa. Mwalimu alibeba ushahidi wa kesi ya mtu mwingine akaukabidhi kwa mikono miwili, na mimi simlaumu hata kidogo kwa sababu miaka yote kliniki tunafundishwa kujivunia hiyo karatasi.

Na hiyo ya "niko sawa daktari" wacha niikalie kidogo. Huku kwetu mtu anaweza kuwa amebebwa kwa machela ukimuuliza habari anakwambia nzuri. Ni adabu. Tena mtu mwenye HIV ambaye amekaa miaka karibu ishirini akiwaonyesha watu kwamba hajaisha, ameshazoea kusema ako fiti kabla hata hajaulizwa. Lakini kwa chumba cha kupimwa hiyo salamu inaandikwa. Siku hizi nawaambia watu, salamu mmalizane nayo mlangoni, ukishakaa kwa kiti ukiulizwa unaendeleaje anza na mguu.

Kabla nifike kwa venye tulipinga, lazima niseme ofisi haikukosea kila kitu. HIV peke yake, kwa mtu ambaye ako na afya, kwa fomu hizi huwezi kuipeleka kama ulemavu, na kwa maoni yangu tusikimbilie kutaka iwe hivyo. Miaka mingi watu wetu wamepigana kuonyesha kwamba mwenye HIV anafanya kazi kama mtu yeyote, hapaswi kufutwa wala kunyimwa kazi, sasa hatuwezi geuka kwa dirisha la pili tuseme kila mwenye HIV ni mlemavu. Ndiyo, katiba kwa Ibara ya 260 inaeleza ulemavu kwa upana sana, inataja hata hali au ugonjwa, na inataja pia vile ambavyo sehemu kubwa ya jamii inaona hali hiyo inamzuia mtu kufanya shughuli za kila siku. Kuna rafiki yangu mmoja anajua sheria kuniliko na alitaka tupeleke hiyo hoja mbele. Nikakataa. Hiyo hoja ina nguvu ukibaguliwa, pale mtu amekutendea kwa sababu ya vile anakuona. Kwa kesi ya mguu ambao hausikii msumari, unaenda kujibebesha mjadala mkubwa wa nini? Mguu uko hapo, uonyeshwe.

Basi tulianza na karatasi. Mwalimu alikuwa amepewa jibu kwa mdomo tu kwamba ombi halikupita, alipoomba kopi ya ripoti akaambiwa hiyo ni ya ofisi. Si kweli. Ibara ya 35 ya katiba inakupa haki ya habari unayohitaji kulinda haki yako, na inaongeza kwamba habari ya uongo au ya kupotosha inayokuathiri una haki irekebishwe au ifutwe. Hilo neno kupotosha ndilo tulilishika sana. Sheria ya kupata habari ya 2016 inawapa siku 21 kujibu. Halafu Ibara ya 47, ofisi ikichukua hatua inayokuumiza haki yako lazima ikupe sababu kwa maandishi, na sheria yake ya 2015 inasema ukiomba sababu na wakakosa kukupa, hatua yao itachukuliwa kwamba haikuwa na sababu nzuri mpaka waonyeshe vingine. Barua ilikuwa ukurasa mmoja. Hatukuandika matusi wala historia ya maisha, tuliandika tu nani, ombi gani, lilikataliwa lini, naomba kopi ya ripoti na sababu kwa maandishi, chini ya ibara hizi. Kopi mbili, moja wanabaki nayo, ya pili wanagonga muhuri wa kupokea na tarehe unarudi nayo. Kijana wa mapokezi hakutaka kugonga, akasema acha tu hapo mama tutakupigia. Mwalimu akakaa. Alisema kwa upole atangoja mwenye muhuri hata kama ni saa kumi, na ukijua walimu unajua angengoja kweli. Muhuri ukapatikana.

Ripoti ilikuja kabla siku 21 kuisha.

Sambamba na hiyo tulikuwa tunakusanya ushahidi wa mguu, na hapa nilisaidiwa na ndugu mmoja aliye Uingereza anayeishi na HIV pia. Kule malipo yao ya ulemavu yanaitwa PIP, yalianza 2013 kuchukua nafasi ya yale ya zamani ya DLA kwa watu wazima, na wengi waliokuwa wamepewa bila mwisho wakaitwa kupimwa upya, wengine wakakatwa. Mambo yao na yetu ni tofauti, kule unahesabiwa pointi, 8 unapata kiwango cha kawaida na 12 cha juu, na ukikataliwa una mwezi mmoja kuomba waangalie tena kabla uende tribunali. Lakini kuna kitu kwa kanuni zao nilikipenda nikakiiba. Hawaulizi tu kama unaweza kufanya jambo. Wanauliza kama unaweza kulifanya kwa usalama, kwa kiwango cha kueleweka, tena na tena kila inapohitajika, na kwa muda wa kawaida. Pitisha Mwalimu hapo. Anaweza kutembea mita hamsini? Anaweza. Kwa usalama? Hapana, hasikii chini, ameanguka shuleni na ana kovu za kuungua jikoni. Tena na tena? Akienda mara moja ya pili lazima akae. Kwa muda wa kawaida? Watoto wa darasa la kwanza wanampita. Sheria ya Kenya haitumii hayo maneno manne lakini daktari yeyote akiyasoma anaelewa unamwambia nini.

Kwa hivyo tukamwambia aandike kwa daftari kila siku ya shule, kitu gani kimemshinda na nani amemsaidia. Mwanzoni aliandika "leo nilichoka". Nikamwambia mwalimu, hiyo ungempa mtoto alama ngapi? Akacheka, kesho yake akaandika amepanda ngazi tatu za ofisi akishikilia ukuta, mtoto wa gredi ya sita akabeba vitabu vya kusahihisha, jioni akakuta malengelenge kwa kisigino na hajui yametoka wapi. Hiyo sasa inasomeka.

Mwalimu mkuu aliandika barua. Hapa tulikuwa waangalifu sana juu mwalimu mkuu hajui kuhusu HIV na hana haja ya kujua. Aliombwa aandike tu anachokiona kwa macho yake, kwamba anafundisha akiwa ameketi, kwamba amehamishiwa darasa lililo karibu na geti, kwamba hapewi zamu ya kusimamia michezo. Barua nzuri sana, fupi, na haina neno hata moja la ugonjwa.

Kliniki ikaandika ya kwao, lini alianza dawa, alitumia d4T kwa muda gani, lini ganzi iliandikwa kwa faili mara ya kwanza. Hii ndiyo ilifunga mdomo wa swali la "labda imeanza juzi" au "labda ni kisukari", maana faili ya zamani ilikuwa na maandishi ya mkono ya mhudumu wa kliniki wa wakati huo, ganzi miguuni, miaka mingi kabla mtu yeyote hajafikiria msamaha wa kodi.

Kupimwa mara ya pili kulifanywa kwa hospitali nyingine na timu nyingine, tuliomba hivyo kwa barua. Safari hii alienda na fimbo, akaenda na patipati, na sentensi yake ya kwanza ilikuwa daktari miguu yangu haisikii naomba uiangalie. Fiziotherapisti alimlaza, akamwambia afunge macho, akachukua ule uzi wa nailoni ambao ukiusukuma kwa ngozi unapinda ukifika uzito wa gramu 10, akaanza kugusa nyayo, hapa unasikia sema ndiyo. Mwalimu ananiambia alilala akingoja aanze. Alifikiri bado anatayarisha vyombo. Alipofungua macho akaona yule dada ameshamaliza mguu wa kulia wote na ako kati ya wa kushoto, na kwa karatasi ni misalaba tu. Ndiyo ya kwanza alisema uzi ulipofika juu ya kifundo. Wakamfanyisha pia ile ya kusimama miguu pamoja macho yamefungwa, akayumba wakamshika.

Ripoti ya pili ilisema ana ulemavu wa kutembea, umetokana na uharibifu wa neva za miguu yote miwili, ni wa kudumu. Ombi likapita.

Kuna jambo lingine ndani ya hii kesi ambalo sikulitaja bado. Ile ripoti ya kwanza, yenye HIV imeandikwa mstari wa kwanza, ilipita mikononi mwa watu wa ofisi ambao hawakuhitaji kujua. Mmoja wao anaabudu na Mwalimu. Sheria ya HIV na Ukimwi ya 2006 inakataza kutoa hali ya mtu bila idhini yake ya maandishi, kifungu cha 22, ikiwa na milango michache tu ya kutoka, na imeunda tribunali maalum ya kusikiza malalamiko kama hayo, ambayo inaweza kuagiza mtu alipwe fidia. Pia sheria ya kulinda data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Kesi ilikuwepo. Tuliijadili jioni mzima tukinywa chai. Mimi nilikuwa nataka iende, na pia barua kwa Tume ya Haki ya Utawala ambayo ina ofisi Kisumu mjini, wale wa "Hata Mnyonge ana Haki". Mwalimu akasema hapana, akipeleka kesi ya siri itabidi watu wengine wengi zaidi wajue siri, na yeye bado ana miaka ya kufundisha watoto wa hao hao watu. Sikukubaliana naye lakini kesi ni yake.

Tulichofanya ni kuzuia isirudiwe. Kuna wenye hushauri HIV ifichwe kabisa kwa kupimwa, mimi naona hiyo ni mtego, daktari atauliza hii ganzi imetoka wapi na ukianza kubabaika anaona mtu anatafuta cheti cha bure, na tujue pia kwamba madaktari wamechoka na watu wanaotafuta kadi wakikaribia miaka 60 ndio wasukume kustaafu hadi 65. Kwa hivyo barua ya kliniki ilienda kwa bahasha iliyofungwa, moja kwa moja kwa mkono wa timu iliyompima, na tukaomba kwa maandishi kwamba fomu inayotoka pale kwenda ofisi zingine iandike ulemavu na chanzo chake kama ugonjwa wa neva, basi, mengine yabaki kwa faili ya hospitali. Walikubali bila shida yoyote, hata walishangaa kwamba mtu aliomba.

Cheti kipya kiko kwa mfumo na PAYE imesimama tena. Pesa iliyokatwa ile miezi ya katikati hairudi yenyewe, amejaza ritani yake ya kodi akaidai kama kodi iliyolipwa zaidi, na stakabadhi zote za mishahara ya miezi hiyo amezichapisha akaziweka kwa ile faili ya plastiki, mbele ya majibu ya vairo lodi.